Vijidudu Nilivyoviita Uchafu

9 Januari

Mpwa wangu,

Acha nianze na lenyewe, maana nikianza na salamu nitapitiwa niishie hapo hapo. Hao bakteria unaoniuliza, wanaokaa tumboni mwa watu, mimi niliwaona. Niliwaona miaka mingi kabla dunia haijatangaziwa kwamba wapo, nikawaita uchafu, na jambo hilo nimelificha kwa wakubwa wangu wa kazi, kwa wanafunzi wangu, na kwa mke wangu mpaka anaingia kaburini. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza, basi uwe wa kwanza kuambiwa.

Sasa marahaba. Sisi hapa tupo. Binamu yako bado yuko safarini kikazi, mkewe ndiye anayenilea. Moyo wangu umechoka kusukuma, miguu imevimba, nalala nimeegemezwa mito kama mgeni wa heshima. Mkwe wangu ameficha chumvi, nami nimekata tamaa ya kuitafuta. Masikio nayo yameshajiuzulu. Uliponipigia simu nilisikia "tumbo" na "kupuliza", nikadhani umeacha nguo unauza maputo. Ndiyo maana nikakuomba uandike. Barua naisoma kwa lenzi, pole pole, na hakuna anayelazimika kunipigia kelele.

Umesema kliniki iliyo jirani na chumba chako cha ushonaji inatafuta watu wanene wanaosumbuliwa na tumbo, wanyweshwe kitu kisha wapulize kwenye mfuko, na hujui kama ni utafiti au ni mchezo. Ni utafiti, tena mzuri. Ngoja nikueleze, maana tangu nistaafu hakuna aliyenipa swali tamu namna hii.

Unajua kazi yangu ilikuwa kusoma nyama. Daktari wa matumbo alimwingiza mgonjwa mpira mrefu mdomoni mpaka tumboni, akanyofoa vipande vidogo kama punje za mchele, akaniletea. Fundi wangu wa maabara alivikata vikawa vyembamba kuliko karatasi, akavitia rangi, akavibandika kwenye kioo kidogo tunachokiita slaidi. Mimi naiweka slaidi chini ya hadubini, nachungulia, nasema huyu ana nini.

Basi kwenye slaidi za matumbo, juu ya ule ute unaofunika ukuta wa tumbo, nilikuwa naona vitu vidogo vimejikunja, kama vipande vya uzi vinavyobaki sakafuni mwako ukimaliza kukata suti. Nilikuwa nimefundishwa kwamba tumbo lina asidi kali na hakuna kinachoweza kuishi humo. Kwa hiyo havikuwa hai. Nikamwita fundi.

"Maji yako ya kuoshea ni machafu."

"Nimeyabadili jana, daktari."

"Badili tena."

Akabadili maji, akabadili chupa, akabadili mpaka taulo ya mikono. Vitu viko pale pale. "Daktari," akaniambia, "aliyebaki kubadilishwa ni mimi." Tukacheka. Nikaamua tutumie rangi hafifu zaidi, ambayo vitu vile havikuonekana vizuri kwayo, nikawa na amani yangu. Miaka ikapita. Wenzetu wa mbali wakavitazama vitu vile vile, wakasema ni bakteria, na ndio wanaoleta uvimbe sugu wa ukuta wa tumbo, na vidonda vingi pia. Habari hiyo niliisoma ofisini kwangu. Niliposoma nusu, niliinuka nikafunga mlango.

Unauliza wanaishije ndani ya asidi. Wanajipikia kinga yao. Kuna kitu kiitwacho urea, kimo mwilini mwa kila mtu. Wao wanakivunja, inatoka amonia, na amonia inapoza asidi iliyo karibu yao. Kila mmoja anatembea ndani ya kiwingu chake mwenyewe! Halafu wanachimba kwenye ute wanajificha, na asidi inapita juu yao kama mvua juu ya bati. Utakachokunywa hapo kliniki ni urea iliyotiwa alama. Kama wamo, wataivunja, na hewa yenye alama itatoka na pumzi yako. Kama hawamo, utapuliza hewa tupu. Mtu aliyewaza hivyo alikuwa na kichwa. Mimi nililaumu maji.

Nenda kapulize, mwanangu. Kisha uniandikie kila ulichokiona.

Mjomba wako


2 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo sana. Barua yako imenikuta nashona suruali za walinzi, nimecheka mpaka sindano ikanipata kidole. Sisi wazima. Binti yangu anajiandaa na mitihani, kwa hiyo nyumba nzima tunatembea kwa vidole vya miguu. Mkanda wa cherehani kubwa umekatika tena, fundi wake anasema nishone taratibu. Nikamwambia wewe kawaambie walinzi wakae uchi taratibu.

Pole na miguu. Mwambie mke wa binamu asilegeze kamba kwenye hiyo chumvi.

Nilikwenda kliniki. Muuza vifungo, yule rafiki yangu mwembamba, alinisindikiza, na njia nzima ananichokoza. "Wakikupima wewe watakuwa wamepima ukoo mzima." Nikamwambia, "Na wewe wakikupima watadhani ni kivuli cha nesi." Kumbe kwenye benchi tulikuwa wanene watupu, na wote tumekaa upande upande tusibanane, kila mmoja anajifanya amekuja kumsindikiza mwenzake. Mama mmoja anayeuza viatu akasema kwa sauti, "Jamani, tusidanganyane, hapa hakuna msindikizaji." Basi tukaanza kuongea. Mjomba, sikujua! Karibu wote wana kiungulia, wengi tumbo linawauma, na kila aliyekwenda kutibiwa aliambiwa neno moja: punguza kula. Hakuna aliyewahi kupimwa ndani.

Nesi wa utafiti ni mtu mpole, anauliza kama anayetaka kujua kweli.

"Maumivu yanakuja saa ngapi?"

"Nikiwa na njaa."

"Na ukila?"

"Yanatulia. Baadaye yanarudi."

Akanitazama, akaandika. Hilo nalo limenikaa kichwani, mjomba. Kama ni kula ndiko kunakoniumiza, mbona kula kunanituliza? Mama naye alikuwa hivyo. Unakumbuka mfuko wa aproni yake haukukosa mkate mkavu? Ananyofoa kidogo, anatafuna, anafumba macho. Sisi watoto tulidhani anafurahia mkate.

Kisha nesi akauliza, "Mama yako aliwahi kupimwa tumbo?" Nikajibu kwa majivuno, "Alipimwa, tena aliyesoma nyama yake ni mjomba wangu, daktari mkubwa. Alikutwa mzima kabisa." Nesi akasema hiyo ni habari ya maana.

Lakini nilipokuwa narudi nikaikumbuka barua yako. Wewe uliona vijidudu kwenye slaidi za watu ukasema uchafu. Je, kwa mama uliuona uchafu huo? Sikulaumu hata kidogo, kama dunia nzima haikujua wewe ungejuaje. Nataka tu kujua ulichokiona.

Kupuliza bado. Kwanza natakiwa niache vidonge vyangu vya asidi wiki mbili, la sivyo vinaweza kuwaficha hao wenyeji. Binti yangu anakusalimu.

Mpwa wako


20 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na mjukuu wangu mwambie nimemwombea mitihani. Mimi nimeongezewa kidonge kingine, nimepungua maji mwilini, na viatu vyangu vya zamani vimenikubali tena. Mkwe wangu amenikata nywele kwa mkasi wa jikoni. Sijitazami kwenye kioo, kwa hiyo hatujagombana.

Benchi lako la wanene nimelisoma mara mbili. Sikiliza, nikupe na mimi ninachokijua. Unene wenyewe unaweza kuleta kiungulia, kwa sababu mafuta ya tumboni yanaligandamiza tumbo na asidi inapanda juu. Hilo ni kweli. Lakini bakteria hana mizani. Anakaa kwa mwembamba na anakaa kwa mnene. Kama unene unahusiana naye kwa namna fulani, hilo wenye kuchunguza bado wanabishana, na ndiyo maana wanawapulizisha. Kosa ni kumwona mtu mnene anashika tumbo ukadhani umeshajua lililomo. Anaweza kuwa na kiungulia cha unene, na uvimbe sugu wa bakteria, vyote kwa pamoja, na cha kwanza kikakiziba cha pili.

Utalipenda hili. Wakati wakubwa wa dunia bado wanakataa kwamba bakteria anaweza kuumiza tumbo, daktari mmoja aliwakuza kwenye maabara, akawakoroga kwenye supu, akanywa kikombe kizima. Hakumwambia mkewe mpaka amekwisha kunywa. Baada ya siku chache anatapika, pumzi inanuka, tumbo limevimba ndani, na yeye amefurahi kama bwana harusi. Huyo ndiye mtu wa sayansi. Hakusema "nadhani". Alitazama.

Kuhusu slaidi ya mama yako, bahati mbaya za miaka ile hazipo. Tulihama jengo, makreti yakaanguka ngazini, ikabaki kufagia tu. Siwezi kukuonyesha chochote.

Wewe kapulize. Na cherehani ipake mafuta, isiwe kila siku mkanda.

Mjomba wako


15 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini viatu bado vinakukubali. Huku mitihani imekwisha, binti yangu analala mpaka jua kali, na mimi namwacha. Walinzi wamevaa suruali zao, mmoja amelalamika inambana. Nikampima tena, nikamwambia suruali haijapungua.

Mjomba, nimesoma barua yako mpaka mwisho nikarudi mwanzo. Yule aliyekunywa bakteria nimemhadithia kila mteja. Lakini uliniambia slaidi ya mama iko wapi, na mimi sikuuliza iko wapi. Niliuliza uliona nini. Vile vile niliuliza kwa nini kula kunatuliza, na hilo umelipita kama mtu anayevuka dimbwi.

Sikuulizi kwa udadisi peke yake. Ngoja nikueleze nesi alichosema.

Alisema watu wengi wanaambukizwa hawa bakteria wakiwa watoto wadogo, na mara nyingi ni humo humo nyumbani, kutoka kwa anayewalisha. Nikashtuka. "Mama yangu alikuwa ananitafunia mkate, ananitia mdomoni."

"Basi ndiyo maana nauliza habari zake," akasema.

"Si nimekwambia alikuwa mzima?"

"Umeniambia. Lakini una uhakika?"

"Aliyesoma ni mjomba wangu."

"Nakuamini. Ila muulize tena. Mama angekuwa nao, na kwa umri wako, na kwa maumivu haya, nisingeridhika na kupuliza tu. Ningetaka daktari akuingize mpira wa kamera, tutazame kama kuna kidonda."

Mjomba, mpira siutaki. Nakumbuka mama aliporudi siku ile, koo limechubuka, machozi yanamtoka, anasema ni kama kumeza bomba la kumwagilia bustani. Akasema angejua kwamba mwisho wake ni kuambiwa apunguze kula, asingelimeza. Mimi nina koo jembamba hata kama mengine yote ni mapana. Muuza vifungo anasema watahitaji bomba refu, kwa kuwa tumbo langu liko mbali na mdomo.

Kwa hiyo jibu lako ndilo litakaloamua. Ukisema mama alikuwa msafi, mpira siumezi na nitalala usingizi. Ukisema uliuona ule uchafu, nitameza, nitalia, yataisha. Neno lako lolote nitalichukua. Nijibu hili tu, mengine tutapiga soga baadaye.

Mpwa wako


30 Aprili

Mpwa wangu,

Nisamehe kimya. Nililazwa. Maji yalipanda mpaka kwenye mapafu, na daktari wa zamu alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, akanipima mapigo mara mbili. Nimerudi nyumbani, lakini ameniambia wazi, na mimi nilimfundisha kuwaambia watu wazi, kwamba sina safari ndefu. Usilie. Naandika mistari michache, napumzika, naandika tena.

Dirishani kwangu wanajenga ghorofa. Nawatazama mafundi wakipandisha ndoo za zege kwa kamba, na yule wa chini hanyamazi kuwatania wa juu. Ni burudani nzuri kwa mgonjwa.

Nimekuwa nikimwota mama yako. Alikuwa akicheka anaanza mabega, kisha tumbo, sauti inakuja mwisho.

Ulichoniuliza nitakijibu nikipata nguvu. Wewe kapulize tu, hata mpira ukikubali si vibaya. Madawa ya kutuliza sasa ni bora kuliko ya zamani.

Mjomba wako


17 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimelia, umenikataza lakini nimelia. Nataka kuja kukuona, ila kwa sasa mwili hauniruhusu safari. Binti yangu amefaulu, anakutumia picha yake iliyomo humu.

Usijisumbue tena na swali langu. Nimefikiri, nikajiona mjinga. Mtu anaumwa moyo, mimi namng'ang'ania na slaidi iliyovunjika miaka iliyopita! Ungekuwa umeona kitu kwa mama ungemwambia mwenyewe, alikuwa dada yako wa tumbo moja. Uliangalia, ukasema mzima, basi alikuwa mzima. Nimemweleza nesi hivyo, na nafasi yangu ya mpira nimemwachia yule mama wa viatu. Nesi hakufurahi, akanishika mkono akasema mlango uko wazi.

Kupuliza kulinishinda kwa sababu ya vile vidonge vya asidi. Nilijaribu kuviacha, sikumaliza wiki, nikavirudia. Tena siku hizi naishiwa nguvu. Nikisimama ghafla naona giza, nakata vitambaa nimekaa. Kwenye duka la dawa wakanitazama macho wakasema damu imepungua, wakanipa vidonge vya madini ya chuma. Naona vinafanya kazi, maana choo kimekuwa cheusi kama lami, na nasikia chuma ndivyo kinavyofanya. Ingawa, kusema kweli, nadhani kilianza kidogo kabla ya vidonge. Sikumbuki vizuri.

Nimeamua kufanya lile ulilomwambia mama. Napunguza kula. Asubuhi chai, jioni bakuli la uji, basi. Tatizo njaa ikija na maumivu yanakuja nayo, kwa hiyo na mimi nimekuwa na kipande cha mkate mkavu mfukoni. Binti yangu kaniona akasema, "Mama, umekuwa bibi kabisa." Tukacheka.

Pumzika mjomba wangu. Umetusaidia sana maishani.

Mpwa wako


24 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Picha ya mjukuu nimeibandika ukutani. Habari za hapa ni kwamba jana, nilipomaliza kusoma barua yako, nilimwita mkwe wangu akupigie simu akwambie uende hospitali saa ile ile. Akarudi na jibu lako, akalipiga kelele sikioni mwangu kwa furaha, akidhani ananiletea maneno mazuri: "Anasema usihangaike! Kwao matumbo ni mazima, wewe mwenyewe ulisema!"

Barua hii anakuletea yeye kwa mkono wake. Nimemwagiza asiondoke hapo mpaka aondoke na wewe.

Choo cheusi kama lami kinaweza kuletwa na vidonge vya chuma. Kinaweza pia kuwa damu inayovuja tumboni, ikageuka rangi njiani. Mtu hawezi kuvitofautisha kwa kukisia, na wewe unasema kilianza kabla ya vidonge, na unaona giza ukisimama. Hilo si la kusubiri kupuliza. Nenda na mkwe wangu, waeleze hayo mawili kwanza, waache wakuwekee damu ikibidi, na mpira umeze. Kama ni bakteria na kidonda, zipo dawa. Unameza vidonge vya namna tatu au nne kwa wiki mbili hivi, kichefuchefu kidogo, mdomo unakuwa mchungu, na watu wengi wanapona kabisa. Ukitaka, iache barua hapa, uimalizie ukiwa kitandani huko.

Uliuliza kwa nini kula kunatuliza. Nilijua jibu siku ile ile nilipokusoma. Kuna kidonda kinachokaa mbele kidogo ya mlango wa kutokea tumboni. Tumbo likiwa tupu asidi inakichoma, chakula kikiingia kinaipoza asidi kwa muda, kisha inarudi. Mwenye kidonda hicho anajifunza kula kidogo kidogo, kila mara, bila hata kujua anajitibu. Akifanya hivyo miaka na miaka ananenepa. Na watu wanaomzunguka wanamwona anakula na anashika tumbo, wanasema ndiyo hivyo, ulafi. Huenda mama yako hakuumwa kwa sababu alikula. Huenda alikula kwa sababu aliumwa. Nasema huenda, kwa kuwa sijui, na sababu ya kutojua kwangu ndiyo ninayokuja kuieleza.

Miaka yote ile alivumilia. Kwenye kila shughuli palikuwa na mtu wa kumfichia sahani ili watu wacheke, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi. Presha ndiyo iliyomchukua, tumbo halikumuua, na nilipokuwa namzika nilijifariji kwa hilo.

Barua yangu ya Januari ilikuwa ya kweli, kila neno. Niliwaona bakteria, nikasema uchafu. Lakini ujue kwa nini niliharakisha kukwambia kabla hata ya salamu. Ulipotaja kliniki na matumbo nilijua swali la mama yako liko njiani. Nilitaka likifika likute jibu la heshima limeshakaa: mjomba alitazama, akaona, akakosea kama walivyokosea wengi. Kosa la namna hiyo ningeweza kufa nalo vizuri. Nilipoulizwa kweli, nikashindwa hata kulisema, kwa sababu kwa mama yako lingekuwa uongo, na mkono ukagoma. Nikakuandikia habari za makreti. Makreti yalianguka kweli.

Nimekaa na wewe ukisema "uliangalia" barua baada ya barua. Umejinyima chakula kwa neno hilo. Umekataa mpira kwa neno hilo.

Siku ile fundi alileta trei, akaniambia, "Daktari, ya mwisho ni ya dada." Sikuwa mgonjwa, kazi haikuwa nyingi, na hadubini ilikuwa nzima. Nilikuwa nimekula naye tangu utotoni, niliijua sahani yake, nikaona hakuna cha kutafuta mle. Na saa ya chakula cha mchana ilikuwa imefika, naye alikuwa amenialika kwake. Aliniwekea chakula, akabaki amesimama, koo bado linamuuma, akauliza, "Kaka, umeona nini?" Nikamjibu huku natafuna kwamba tumbo ni zima, tatizo ni mdomo. Waliokuwa mezani wakacheka, naye akacheka nao. Slaidi yake ilikuwa bado kwenye trei. Sikuiweka chini ya hadubini kabla ya kwenda kwake, wala niliporudi, wala siku nyingine yoyote.